ZIWA LETU LISIJARIBIWE KWA DAMU

Wako watu wanaocheka wakisikia kwamba vita vya majini huigizwa kwanza kwa kompyuta, kabla mzinga haujafungwa melini. Ati huo ni mchezo wa watoto! Sisi twasema wanaocheka hawajui bei ya ujinga.

Na watazame Liverpool, mwaka 1942. Nyambizi za Wajerumani zilikuwa zikizamisha meli za Uingereza kila juma. Nahodha Gilbert Roberts, pamoja na wasichana wa jeshi la majini, walichora bahari kwa chaki sakafuni, wakaigiza mapigano, wakapata mbinu mpya za kuwinda nyambizi. Maofisa wapatao 5,000 walifunzwa hapo. Mabeberu waliotutawala kwa mizinga hawakuona haya kujifunza sakafuni! Leo kazi ya chaki hufanywa na kompyuta: rada, mzinga, mawimbi na adui vyote huigizwa, na kosa huonekana kabla mtu hajafa.

Sasa tutazame kwetu Mwanza. Wauzaji wa silaha hupenda kusema: nunueni, chombo kimekwisha jaribiwa. Kimejaribiwa wapi? Katika bahari ya chumvi. Ziwa Victoria ni maji baridi, mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Katika maji baridi chombo huzama zaidi kidogo, na sauti husafiri polepole zaidi, hivyo mtambo wa kusikiliza chini ya maji sharti urekebishwe.

Tena, usiku wa giza kuzunguka visiwa vya Ukerewe, taa za wavuvi wa dagaa hutapakaa kama mji juu ya maji. Mtumbwi wa mbao rada huuona kwa shida. Taa ipi ni ya mvuvi, na boti ipi ni ya majambazi wanaopora injini na nyavu? Mtambo usiofundishwa jambo hilo utamwua mvuvi wetu, na muuzaji atakuwa amekwisha lipwa.

Hatusemi ndoto. Machi 1979, wakati wa vita na Idi Amin, ndege ya Libya aina ya Tupolev Tu-22 ilikuja kupiga bohari ya mafuta ya Mwanza. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakaua swala. Mashine ya bei kubwa, shabaha ya kipofu! Siku ile ujinga wa adui ulituokoa. Je, twataka kuununua ujinga huo kwa fedha zetu?

Twadai mambo matatu. Kwanza, chombo chochote cha silaha kisipokelewe ziwani mpaka mitambo yake ijaribiwe kwa uigaji wenye mawimbi, miamba, magugu maji na taa za ziwa hili. Pili, habari hizo zikusanywe na wataalamu wetu pamoja na wavuvi, na programu ibaki mikononi mwetu. Maana ashikaye ramani ya vita vyetu ametushika sisi. Tatu, vijana wetu wafundishwe kazi hiyo hapa nchini. Chuo cha Bahari cha Dar es Salaam kina mitambo ya kuigizia uongozaji wa meli. Elimu hiyo si ngeni kwetu.

Baada ya kompyuta, majaribio ya majini yafuate. Lakini yasitangulie! Risasi iliyokosea katika kompyuta hufutwa kwa kidole. Iliyokosea ziwani huzikwa na mjane.