Pambano Haliishi Mtu Akianguka

Katika vilabu vingi vya karate na taekwondo vyuoni kwetu, mwanafunzi anaweza kupanda kutoka mkanda mweupe hadi mweusi bila kufundishwa hata siku moja afanye nini akiwa chali na mtu amemkalia kifuani. Mazoezini mmoja akianguka, mwalimu husimamisha, wanainuka, wanainamiana, wanaanza upya. Mshambuliaji wa njiani hasimamishi.

Walimu hujibu kwamba chini ni mahali pa hatari: lami si mkeka, na wenzake adui watakupiga mateke ya kichwa. Ni kweli, na ndiyo hoja inayowaumbua. Kama chini ni hatari kiasi hicho, mbona hawafundishi namna ya kutoka huko? Sehemu kubwa ya ufundi huo ni kujinasua: kuinua nyonga kwa nguvu, kumpindua aliyekukalia, kupenyeza goti kati yako na yeye, kusimama bila kumpa mgongo. Sisi wa kando ya Ziwa Viktoria hatumkatazi mvuvi kujifunza kuogelea eti kwa sababu maji yanaua.

Ushahidi upo tangu Novemba 1993, mjini Denver, Marekani, katika shindano la kwanza la UFC. Royce Gracie wa Brazili aliwashinda watu watatu usiku mmoja, wote wazito kuliko yeye. Bondia Art Jimmerson alisalimu amri akiwa amekaliwa tu. Gerard Gordeau, bingwa wa mateke, alimalizwa kwa kabali. Wapo wanaosema shindano lilipangwa kumfaa, maana nduguye Rorion alikuwa miongoni mwa waandaaji. Sawa. Lakini mbona tangu hapo wapiga ngumi na mateke wanaoingia humo hulazimika kujifunza mieleka na jujitsu?

Hata ekigwo, mieleka ya jadi ya Buganda, humpa ushindi anayemwangusha mwenzake. Ila ekigwo ni mchezo na hujitambulisha hivyo. Karate inayotangazwa kuwa kinga ya maisha haina udhuru huo.

Na hasara kubwa inawaangukia wanafunzi wa kike. Wengi hujiunga ili wajue kujikinga na ubakaji. Wanafundishwa teke la juu, linalohitaji nafasi na miguu iliyosimama imara, wakati mbakaji anakusudia kuwanyima vyote viwili. Kumfundisha msichana hivyo kisha kumwambia sasa yuko salama ni kumdanganya, tena kwa ada.

Katika judo, ukimshikilia mpinzani chali kwa sekunde 20 umeshinda moja kwa moja. Napendekeza mtihani wa mkanda mweusi uchukue kipimo hicho: mtahiniwa alale chali, akaliwe na mtu mzito kuliko yeye, ajinasue ndani ya sekunde 20. Asiyeweza abaki na mkanda wa kahawia, hata kama teke lake linafika darini.