Muhuri wa Pipa Hautoshi



Kila mtu wa reli ajua habari za boila ya injini ya moshi. Ni pipa nene la chuma, na ndani yake mabomba mengi. Moto hupita ndani ya mabomba, maji huyazunguka, na joto lahama upande mmoja kwenda wa pili. Asiyepata kuiona na aende akaitazame ile Garratt namba 5918 katika makumbusho ya reli, Nairobi. Boila yake ilifanyiwa kazi ya presha ya ratili 225 kwa kila inchi ya mraba.

Katika viwanda vya mafuta na vya mbolea yako mapipa ya namna hiyo, ila hayana moto. Kitu chenye joto hupita ndani ya mabomba, na cha baridi hupita nje yake, au kinyume chake. Presha yake huweza kupita ya injini, na wafanyakazi wenzetu husimama kando yake mchana na usiku.

Neno langu ni hili: muhuri uliopigwa juu ya pipa hautoshi kutulinda. Yatupasa kuuliza pia ni chuma gani kilichochaguliwa, na kwa kazi gani.

Siudharau muhuri. Tarehe 20 Machi 1905 boila ilipasuka katika kiwanda cha viatu cha Grover, mjini Brockton, Marekani, wakafa watu 58. Mwaka 1907 jimbo la Massachusetts likatunga sheria ya boila, na kabla ya 1915 kwisha mainjinia wa mitambo wa Marekani walikuwa wametoa kitabu chao cha kanuni. Kitabu hicho chasema bamba liwe nene kiasi gani, liungwe vipi, na lijaribiwe vipi. Kimeokoa watu wengi. Lakini kuchagua chuma kitakachostahimili kitu kinachopita ndani ni kazi iliyoachiwa mwenye kiwanda.

Tazameni yaliyotokea Anacortes, jimbo la Washington, katika kiwanda cha kusafisha mafuta ambacho wakati huo kilikuwa cha kampuni ya Tesoro. Usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu, tarehe 2 Aprili 2010, yapata saa sita na nusu, pipa moja lilipasuka na moto ukalipuka. Wafanyakazi 7 walikufa. Pipa hilo lilikuwa kazini tangu 1972, na lilitengenezwa kwa chuma cha kawaida cha kaboni. Ndani yake ilipita haidrojeni, yenye joto na presha kubwa.

Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Haidrojeni ikiwa na joto huingia ndani ya chuma chenyewe, ikakamatana na kaboni iliyomo, ikazaa gesi ambayo haiwezi kutoka. Gesi hiyo hupasua chuma kutoka ndani kidogo kidogo, na kwa nje pipa laonekana zima. Hata mkaguzi mwenye vyombo huweza kuzikosa nyufa hizo. Chuma kilichotiwa kromiamu ya kutosha hustahimili zaidi, kwa kuwa kromiamu huishika kaboni isitoke.

Mainjinia walikuwa na mistari ya Nelson, iliyotolewa kwanza 1949, kuonyesha kila chuma chaweza kuchukua joto na haidrojeni kiasi gani. Kwa mistari ile, pipa la Anacortes lilihesabiwa kuwa upande wa salama. Wachunguzi wa serikali ya Marekani walipotoa ripoti yao 2014 walisema mstari wa chuma cha kaboni si wa kutegemewa. Mwaka 2016 ukaongezwa mstari mwingine, ulio chini zaidi, kwa chuma kilichochomelewa bila kupashwa moto baadaye. Wale 7 walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Tena ripoti yasema mapipa yale yalizoea kuvuja wakati wa kuwashwa, hata watu wa ziada wakawa wakiitwa kusaidia. Ndiyo sababu wengi walikuwapo kando yake usiku ule. Uvujaji ulikuwa umefanywa jambo la kawaida.

Mtu atasema haya ni mambo ya mainjinia, mfanyakazi ayajulie wapi? Kweli, hatuwezi kupiga hesabu ya unene wa bamba. Lakini aliyechagua chuma yuko ofisini, na afunguaye valvu ni sisi. Atasema pia chuma cha kromiamu ni ghali. Ni ghali kweli. Na aseme basi bei hiyo aliipima na nini.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yataka kamati ya usalama mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi, na wafanyakazi wawemo. Wajumbe wetu na waulize maneno matatu kwa kila pipa la presha: Ndani hupita nini, kwa joto gani? Ni chuma gani, na nani aliandika kwamba chafaa? Lilikaguliwa ndani lini, na nyufa zilitafutwa kwa njia gani?

Majibu yaandikwe katika kitabu cha mkutano. Na pipa linalovuja kila liwashwapo, msikubali kuongezewa watu wa kusimama kando yake. Litengenezwe kwanza.