Ukipokonywa mpira, una sekunde 5 tu

Kumbuka Agosti 10, 2025, pale Kasarani. Harambee Stars inaongoza Moroko 1-0 kwa bao la Ryan Ogam katika CHAN, kisha Chrispine Erambo analishwa kadi nyekundu kabla ya mapumziko. Wasee 10 wakalinda bao hilo hadi mwisho, dhidi ya timu iliyokuja kutwaa kombe lenyewe.

Siku 12 baadaye, mambo yakageuka. Stars ilitangulia tena kupitia Alphonce Omija, Madagaska ikasawazisha kwa penalti, kisha ikatubandua robo fainali kwa matuta 4-3.

Ukitazama mechi hizo mbili utaona kitu. Kulinda bao kwa kukimbiza mpira kunawezekana, lakini huwezi kufanya hivyo kila wiki. Timu inayoongoza hupumzika ikiwa na mpira mguuni. Na ikiupoteza, inafaa iwinde papo hapo. Barcelona ya Guardiola ilisifika kwa kuwinda hivyo ndani ya sekunde 5.

Sasa wewe unayecheza mtaani utauliza, hayo yananihusu vipi? CHAN hiyo ilikuwa ya wachezaji wa ligi za nyumbani. Hao walitoka kwenye viwanja vya vumbi kama chako. Na kwenye viwanja hivyo, mazoezi mengi bado ni kuzunguka uwanja mara 10, kisha mechi ya 11 kwa 11 ambapo beki anagusa mpira mara chache mno.

Jaribuni hii kesho jioni. Mnahitaji watu 10, mpira 1 na mawe 6 tu. Chora miraba 2 inayopakana, kila upande hatua 15. Timu A, watu 5, inapigiana pasi kwenye mraba wa kwanza. Timu B inatuma wawili kuwinda, watatu wanasubiri mraba wa pili. Wale wawili wakiunasa mpira, wanaurusha haraka kwa wenzao na kuwafuata mbio. A nayo inatuma wawili wa kuwinda huko. Pasi 8 mfululizo ni bao 1. Chezeni dakika 2, pumzikeni 1, kwa sababu inachosha kweli.

Zingatia mambo matatu. Angalia nyuma yako kabla mpira haujakufikia. Ukiunasa, pasi ya kwanza iondoke kwenye msongamano. Ukiupoteza, aliye karibu aukimbilie, wa pili azibe njia ya pasi. Kuinua mikono kumlalamikia refa ni kupoteza zile sekunde 5.

Kenya, Uganda na Tanzania zitaandaa AFCON 2027. Kocha wa taifa hukaa na wachezaji siku chache tu kabla ya mechi, hawezi kuanza kuwafunza mambo haya wakiwa kambini. Kwa hivyo kocha wako akisema mzunguke uwanja tena, mwombe kwa heshima dakika 20 za mchezo huu. Mawe yapo.