Siku Moja, Miaka Mitatu

Wako waalimu na wazazi wasemao ya kuwa mtoto asifundishwe hesabu ya miaka zaidi ya moja, maana atachanganyikiwa. Mimi sikubaliani nao.

Kila mtoto wa Namuwongo atokaye nyumbani asubuhi husema ni saa moja, hali mshale wa saa uko juu ya 7. Hachanganyikiwi hata kidogo. Ajua ya kuwa jua ni moja, bali watu wameanza kuhesabu mahali mbalimbali: sisi kwa mapambazuko, wengine kwa usiku wa manane. Mwenye kufahamu hayo amekwisha kufahamu nusu ya habari ya miaka.

Basi tuitazame siku ya Uhuru wetu. Vitabuni ni tarehe 9 Oktoba 1962, hesabu ianzayo na kuzaliwa kwa Kristo. Kwa Waislamu siku ile ile ilikuwa katika mwaka 1382, kwani wao huhesabu tangu Mtume Muhammad alipohama Makka kwenda Madina, mwaka 622. Mtoto mwerevu atauliza: 1962 ukitoa 622 ni 1340; hiyo 42 iliyozidi yatoka wapi? Yatoka mwezini. Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, pungufu ya siku kama 11, na siku hizo zikikusanyika kwa karne 13 huwa miaka 40 na zaidi. Ndiyo sababu Ramadhani nayo haikai mahali pamoja. Na kwa Wahabeshi, ambao tunao majirani pale Kabalagala, ulikuwa mwaka 1955.

Na wazee wetu je? Katika Buganda ya zamani omwaka ulikuwa msimu mmoja wa mvua na mavuno, kama miezi sita. Mzee aliyetaja miaka 20 pengine alitaja 10 ya kwetu, na mtoto asiyejua atamwita mwongo. Huko Ankole wazee walihifadhi habari ya jua kupatwa pale Biharwe wakati wa vita. Wanahistoria wengi wameilinganisha na hesabu za wataalamu wa nyota, wakaona ni tarehe 17 Aprili 1520. Kama wazee wale wangalichekwa, mwaka huo tusingaliupata.

Shauri langu ni jepesi. Mwalimu achore mstari mrefu ubaoni, aandike 1931, mwaka reli hii ipitayo Namuwongo ilipofika Kampala. Kila mtoto aulize kwao ni nani wa ukoo wake aliyekuwa hai wakati ule, na watu wa nyumbani waliutajaje mwaka huo: kwa mfalme, kwa njaa, au kwa mwezi. Yote yaandikwe chini ya mstari ule ule.

Ni kweli, mtihani utauliza 1962 tu. Lakini mtoto ajuaye hesabu moja tu atadhani jirani yake amekosea na bibi yake hana historia. Hasara hiyo haipimwi kwa alama za mtihani.