Kocha Anapoondoka, Vijana Wanabaki na Nani?



Dominika moja mwishoni mwa Septemba 2025, baada ya Misa ya pili, niliwakuta vijana wetu kandokando ya barabara kuu ya Arusha–Moshi, hapa Kikatiti, wakibishana kwa sauti. Kocha wa Simba, Fadlu Davids, alikuwa ameondoka. Mmoja wao akaniuliza: “Padre, mtu kuiacha timu katikati ya mashindano si dhambi?” Nilicheka, lakini njiani kurudi nyumba ya mapadre nikaona kwamba swali lile lilistahili jibu.

Tuanze na matukio yenyewe. Fadlu, raia wa Afrika Kusini, alijiunga na Simba Julai 2024, na katika msimu wake wa kwanza akaifikisha fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ambako RS Berkane ya Morocco ilitwaa ubingwa. Septemba 2025 Simba iliifunga Gaborone United ya Botswana bao 1–0 ugenini, katika raundi ya awali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Kabla ya mchezo wa marudiano, kocha alikuwa amekwisha kuondoka kuelekea Raja Casablanca. Simba ikavuka bila yeye. Siku chache baadaye ikamchukua Dimitar Pantev, aliyekuwa akiinoa Gaborone United, timu ile ile iliyokuwa imetoka kuitupa nje.

Watani wao wa Jangwani hawana la kucheka. Novemba 2024 Yanga ilimwachisha kazi Miguel Gamondi, aliyekuwa ameipatia ubingwa wa ligi miezi michache tu kabla, baada ya kupoteza michezo miwili mfululizo. Akaja Sead Ramovic; Februari 2025 naye akaenda zake CR Belouizdad ya Algeria. Nafasi yake ikajazwa na Miloud Hamdi, ambaye alikuwa ametua Singida Black Stars muda mfupi tu kabla ya hapo.

Huo ndio mnyororo. Klabu kubwa ikimng’oa kocha mahali fulani, pengo halipotei, bali linasukumwa kwenda kwa aliye mdogo zaidi. Januari 2023 Simba ilimchukua Robertinho kutoka Vipers ya Uganda, aliyokuwa ameiongoza kuitoa TP Mazembe na kuingia hatua ya makundi. Kura ilikuwa imekwisha kuziweka Simba na Vipers kundi moja, na kocha akasimama ng’ambo ya uwanja akiwakabili vijana aliowafundisha yeye mwenyewe. Simba ilishinda michezo yote miwili. Novemba mwaka ule ule, Yanga ilipoifunga Simba mabao 5–1, Robertinho naye akaachishwa kazi. Aliyeng’olewa kwa shangwe akatupwa kwa hasira.

Mtu atasema hayo ni mambo ya wachezaji wa kulipwa, watu wazima wanaojua mikataba. Basi tutazame mahali ambapo kocha ni mlezi wa wanafunzi. Wengi wetu tunamkumbuka Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyecheza mpira wa kikapu Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, kisha mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika orodha ya vijana wanaoingia NBA. Kocha wake, Jim Calhoun, alikaa chuoni hapo tangu 1986 hadi 2012. Kijana aliyetoka mbali namna ile alimkuta mtu aliyekuwapo, na alipoondoka alimwacha bado yupo.

Uthabiti wa namna hiyo sasa ni adimu. Kila masika, msimu wao ukiisha, makocha wa vyuo vya Marekani huhama kwa wingi. Mwaka 2024 John Calipari aliiacha Kentucky baada ya misimu 15 akaenda Arkansas, na baadhi ya wachezaji wakamfuata, kwa kuwa kanuni za sasa zinawaruhusu wanafunzi kuhama chuo na kucheza mara moja. Vyuo vya Kikatoliki navyo havikusalimika. Mwaka 2023 Ed Cooley, mzaliwa wa mji wa Providence, alikiacha Chuo cha Providence cha Wadominiko baada ya miaka 12, akaenda Georgetown ya Wajesuiti, chuo kilichomo katika ligi hiyo hiyo. Aliporudi Januari 2024 kama mgeni, umati uliokuwa ukimshangilia ulimzomea.

Je, walitenda dhambi? Kuhama peke yake si dhambi. Tangu Rerum Novarum ya mwaka 1891, Kanisa limefundisha kwamba mfanyakazi si mali ya mwajiri, na kwamba anastahili ujira wa haki kwa ajili yake na familia yake. Mwajiri anayeweza kumfukuza kocha kwa vipigo viwili hana uso wa kumdai uaminifu wa milele. Lakini Kanisa linafundisha vilevile kwamba ahadi itimizwe na mkataba wa haki uheshimiwe. Fidia ikilipwa, deni la klabu kwa klabu limefutwa. Deni kwa kijana aliyeambiwa “njoo, nitakulea” halilipwi benki.

Tofauti hiyo ndiyo Bwana wetu aliyoionesha alipomtenganisha mchungaji mwema na mtu wa mshahara. Kosa la mtu wa mshahara si kupokea mshahara. Kosa lake ni kwamba hatari inapokuja, kondoo si kitu kwake.

Hapa kwetu jambo hili halihusu runinga peke yake. Nimewahi kuwapokea ofisini wavulana watatu wa kidato cha tatu. Mwalimu aliyewafundisha mpira wa kikapu alikuwa amehamia shule nyingine katikati ya muhula, bila hata kuwaaga. Baadaye nilisikia kwamba mshahara wake ulikuwa umecheleweshwa miezi kadhaa. Nani alikosa? Nadhani wote wawili, mwajiri na mwalimu. Lakini waliokaa mbele yangu wakitazama sakafu hawakuwa wamemkosea mtu, na mmoja wao tangu siku ile hakugusa tena mpira.

Nayasema haya nikijichunguza, maana sisi mapadre nasi huhamishwa. Sheria ya Kanisa inataka paroko awe na uthabiti mahali alipo, na inamruhusu askofu kumhamisha kwa manufaa ya roho za watu. Nimewahi kuaga parokia harakaharaka kwa sababu niliogopa machozi. Leo najua nilijihurumia mwenyewe kuliko waamini. Mtume Paulo hakufanya hivyo. Baada ya kukaa Efeso miaka mitatu, aliwaita wazee wa Kanisa lile Mileto, akawaeleza alivyoishi kati yao, akawaonya juu ya hatari zinazokuja, akawakabidhi kwa Mungu, akapiga magoti akasali nao, nao wakamlilia shingoni. Aliondoka, lakini hakuwatoroka.

Basi, ndugu walimu na makocha: mkipata nafasi bora, nendeni kwa amani, ila malizeni muhula, mkabidhini mrithi wenu kazi, na wenye kuwaambia vijana muwe ninyi, si uvumi. Wakuu wa shule, zikiwemo zetu za Kanisa: lipeni kwa wakati, na msimnyemelee mwalimu wa jirani katikati ya muhula kama mnavyochukia kunyemelewa wa kwenu. Wazazi: mwalimu akiondoka, mwulizeni mtoto anaendeleaje kabla ya kuuliza nani anakuja.

Nawe kijana uliyeniuliza pale barabarani, jibu langu ni hili: kuondoka si dhambi, kuwasahau uliokabidhiwa ndiyo dhambi. Na kama ni wewe uliyeachwa, usiache uwanja. Kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi, na yule Mchungaji aliyekuita kwa jina tangu ubatizo wako hahami.