Kunyoosha Mkunjo: Kiswahili na Jaribio la Jiwe na Uzi

Mwanafunzi wa shule ya upili anayeishi Gatwekera, Kibera, au Gatina, Kawangware, hukadiria bei ya mitungi ya maji na nauli ya matatu kwa Kiswahili, kiwe sanifu au kilichochanganyika na Sheng, wala hakosei. Mwanafunzi huyo huyo anapoulizwa katika somo la fizikia aeleze uhusiano wa vigeu viwili, yaani viwango viwili vinavyobadilika pamoja, aghalabu huwa bubu. Hoja ya makala haya ni kwamba sehemu kubwa ya ububu huo hutokana na lugha.

Chukua mfano wa jiwe linaloning'inizwa kwa uzi na kuachwa libembee. Uzi ukiwa na urefu wa sentimita 25, bembeo moja ya kwenda na kurudi huchukua takribani sekunde 1. Ukiwa sentimita 50, huchukua sekunde 1.4, ukiwa sentimita 100, sekunde 2. Muda ukichorwa dhidi ya urefu, grafu hujikunja. Jicho la binadamu haliwezi kuutambua mkunjo huo ni wa kanuni ipi, kwa kuwa mikunjo mingi hufanana. Lakini mstari mnyoofu hupimika kwa rula. Ndiposa mwanafunzi hufunzwa kuuzidisha kila muda kwa wenyewe: hupata 1, 2 na 4, na urefu nao ni 25, 50 na 100. Sasa grafu imenyooka, na mteremko wake humwezesha kukokotoa mchapuko unaotokana na mvutano wa dunia, takribani mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde.

Neno 'kunyoosha' linajulikana na kila mtoto aliyewahi kunyoosha waya. Anayelisikia huuliza mara moja: kilichopinda ni nini, na kwa nini kinyooshwe? Asiyelisikia hukariri tu maagizo ya Kiingereza, akachora mstari pasipo kujua unamwambia nini.

Wapo watakaodai kwamba istilahi hazitoshi na kwamba mtihani huandikwa kwa Kiingereza. Dai la kwanza ni dhaifu: TUKI ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Dai la pili ni la kweli, lakini halizuii mwalimu kueleza wazo kwa Kiswahili kwanza, kisha kulivisha Kiingereza cha mtihani. Isitoshe, Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Urasmi usiofika kwenye meza ya jaribio ni urasmi wa karatasi.

Lawama haiwaangukii walimu wa sayansi peke yao. Wanafunzi wa Kiswahili vyuoni wamezama katika riwaya na ushairi, wakawaachia wengine sayansi, kisha wakalalamika kuwa lugha yao inadharauliwa. Chama cha Kiswahili kinaweza kuanza na jambo dogo: kila mwanachama aandike jaribio moja kwa Kiswahili kinachoeleweka, alisomee mbele ya wanafunzi wa Kibera na Kawangware, na alisahihishe pale watakapokwama. Jiwe na uzi havihitaji maabara ya kifahari.

Wahenga walinena kuwa samaki hukunjwa angali mbichi. Fikra nazo hunyooshwa zingali changa, kwa lugha ambayo mwenyewe anaielewa.