Eti Majina ya Pasta Hayana Maana!

Haya wadau, leo sina stori za bumu wala za foleni ya kafeteria. Leo nataka ubishi.

Juzi kwenye mazoezi yetu ya kufundishana, mwenzetu mmoja alipanda mbele kufundisha aina za pasta za Kiitaliano. Akabandika karatasi kubwa yenye picha kumi na mbili, chini ya kila picha jina, halafu akaanza kutuimbisha. Farfalle! Farfalle! Penne! Penne! Watu wazima, tumenyoosha shingo kama chekechea. Akapewa maksi za kushiba. Nilipouliza majina hayo yana maana gani, nikajibiwa hayana maana, ni majina tu, kariri.

Hapo ndipo nakataa kata kata.

Maana ipo, na iko palepale kwenye umbo unaloliona. Farfalle ni vipepeo. Kipande bapa cha unga kimeminywa katikati, mabawa yakatokea huku na huku. Orecchiette ni visikio. Hizo ni za Puglia, kule kusini, na kina mama wa mji wa Bari huzitengeneza kwa mkono, kisu na kidole gumba tu, kila kimoja kinabonyea kama kikombe kikadaka mchuzi. Linguine ni vijiulimi, maana ni ndefu kama spaghetti lakini zimelaliwa kidogo. Penne ni kalamu, zile za kale za unyoya, ndiyo maana ncha zake zimekatwa mshazari. Mashine ya kuzikata hivyo ilipewa hataza mwaka 1865, ya bwana Giovanni Battista Capurro wa karibu na Genova. Na spaghetti? Spago ni kamba nyembamba, basi spaghetti ni vijikamba.

Sasa niambieni, sisi tunaziitaje? Tambi! Neno lilelile la tambi za koroboi. Mwitaliano kaona kamba, Mswahili kaona utambi. Mwalimu mwenye mfano huo mdomoni mwake tangu utoto, anatuimbisha kasuku wa nini?

Tena utamu wenyewe uko kwenye mikia ya majina. Sisi tuna kijisu, kisu, jisu. Wao wanaweka mwishoni tunachoweka mwanzoni: spaghettini ni nyembamba, spaghetti ya kawaida, spaghettoni nene. Ukiona -ini au -ette, kitu kimepunguzwa. Ukiona -oni, kimekuzwa. Rigato ni chenye mistari, kwa hiyo rigatoni ni mabomba manono yenye mistari, na ile mistari si urembo, inashika mchuzi mzito wa nyama usiteleze. Penne nazo ziko mbili, lisce laini na rigate zenye mistari. Dakika kumi za somo, mwanafunzi katoka na ufunguo!

Najua kuna watakaosema hayo ni mambo ya Wazungu, mtoto wa Nachingwea yanamhusu nini. Yanamhusu siku akipata kazi jikoni hotelini Zanzibar, ambako wageni wa Kiitaliano ni wengi, na mpishi mkuu akamtuma stoo. Aliyekariri kumi na mbili anajua kumi na mbili. Ya kumi na tatu ikija, kaduwaa mlangoni, na wa kulaumiwa si yeye, ni sisi tuliomfundisha.

Sisemi kanuni inafungua kila mlango. Strozzapreti maana yake ni wanyonga mapadre (jamani!), hapo umbo hulipati ng'o. Vermicelli, yaani viminyoo, Italia ni nene kidogo kuliko spaghetti, lakini Marekani pakiti yenye jina hilo ina nyembamba zaidi. Hizo chache ndizo za kukariri, sawa. Lakini kumkaririsha mtoto hata vipepeo na visikio ni uvivu wa mwalimu, na uvivu huo ndio tuliupigia makofi juzi.

Haya, mnaobisha nawapa moja. Conchiglia ni kombe la baharini. Mpishi ana pakiti mbili mezani, moja imeandikwa conchigliette, nyingine conchiglioni. Ipi ya kutia kwenye supu, na ipi ya kujaza nyama kombe moja moja? Picha sitoi.